Kipupwe, rafiki mmoja na baiskeli mbili

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Juni ikishaingia, hapa Moshi baiskeli nyingi huegeshwa ukutani hadi Septemba. Mlima umejifunika, manyunyu hayakatiki kule mlimani Uru na Kibosho, asubuhi vidole vinakufa ganzi, na watu wanaona heri kupanda daladala. Kwangu mimi miezi hii ndiyo bora kuliko yote kwa watu wawili wanaotaka kuzunguka vijijini taratibu. Vumbi la Februari halipo, tope zito la masika limekwisha, jua halichomi mgongo, na barabara za migombani zimeshindiliwa na mvua hadi zikawa ngumu kama sakafu ya udongo iliyopigwa vizuri. Wanaorudi nyumbani wakitetemeka wameponzwa na mambo mawili tu: mwendo wao, na baiskeli ambayo haikuandaliwa kushuka ikiwa imelowa.

Nianze na mwendo. Baridi ya kipupwe humshika mpanda baiskeli kupitia jasho lake mwenyewe. Ukipanda mlima kwa kukazana, fulana inalowa chapachapa. Ukifika juu ukageuza, upepo wa kilomita 25 kwa saa unapita kwenye nguo hiyo mbichi na joto lote la mwili linaondoka nao. Asubuhi ya Julai mjini huwa na nyuzi 15 au 16, na kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi kama 6, kwa hiyo huko juu si baridi ya kutisha mtu aliye mkavu. Aliyelowa ndiye anayeumia.

Dawa yake ni kupanda bila kutoa jasho jingi, na kipimo cha jambo hilo ni mwenzako. Mkiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatiza kuvuta pumzi, mwendo ni sawa. Mmoja akianza kujibu "ndiyo" na "eeh" tu, punguzeni. Ndiyo maana nashauri muwe wawili. Ukiwa peke yako huna kipimo, na mkiwa watano mambo yanageuka mashindano. Kwenye mlima anayekwenda polepole zaidi ndiye atangulie. Mwenye nguvu akikaa mbele, wa nyuma atamkimbiza kimyakimya hadi alowe, na hatasema.

Mwenye giya ashushe giya mapema, mlima ukiwa bado haujakaza. Akisubiri hadi cheni imebanwa na uzito wote wa mwili, hapo ndipo inaporuka meno au kukatika. Mwenye baiskeli ya Phoenix isiyo na giya ashuke asukume, na mwenzake ashuke naye. Anayesukuma kwenye mlima mkali huenda kama kilomita 4 kwa saa, mwenye giya ndogo kama 6. Tofauti hiyo haifai kukatiza maongezi.

Kuhusu njia, ramani ya simu inadanganya watu wengi hapa. Upande wetu wa mlima umekatwakatwa na mabonde ya mito: Karanga, Rau, Weruweru na mingine midogo isiyohesabika. Barabara zinazopanda hufuata migongo ya vilima. Zinazokatiza kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine hutumbukia bondeni, huvuka daraja, kisha hupanda upya, na mara nyingi pale chini ndipo penye utelezi mbaya kuliko pote. Kilomita 6 za kukatiza vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, zinaweza kula muda mwingi kuliko kilomita 12 za kupanda mgongo mmoja. Kwa matembezi ya kustarehe, pandeni mgongo mmoja na mshukie huohuo. Mnaposhuka mtakuwa mmeshaiona kila kona na kila shimo wakati wa kupanda, na hiyo ni nusu ya usalama.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mji uko kwenye mita 850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu wa kawaida, kwa mwendo wa mazungumzo, hupanda mita 250 hadi 300 za wima kwa saa. Mkitaka kufika mita 1,350, wekeni saa mbili za kupanda, nusu saa ya kukaa, na dakika 45 za kushuka. Mkiondoka saa moja na nusu asubuhi mtakuwa mjini kabla ya mchana kukomaa. Jua mwezi wa Julai huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika 40. Kuondoka kabla yake ni kujitafutia ajali kwenye ukungu.

Njia ninayoipendekeza kwa wanaoanza kupanda ni ya Old Moshi. Toka mjini hadi Kiboriloni kwa barabara kuu ya Himo, kisha pinda kushoto uanze kupanda kuelekea Kidia. Kipande hicho cha lami kabla ya Kiboriloni ndicho cha hatari kuliko njia nzima, kwa sababu ya malori na mabasi. Kipiteni mapema, mmoja nyuma ya mwenzake, kushoto kabisa, na msizungumze. Siku za soko shukeni msukume pale penye watu. Mkishaanza kupanda, magari yanapungua na migomba inawafunika pande zote mbili, masale yamepandwa mipakani, kahawa iko chini ya kivuli. Huko ndiko Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alikonyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Pumzikeni hapo. Vijana wengi wa mjini wanaijua Old Moshi kwa jina tu, na baiskeli inawafikisha kwa asubuhi moja.

Asiyetaka mlima ashuke kusini kupitia Pasua hadi Mabogini na Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, na akiweza aendelee hadi kwenye miwa ya TPC, kampuni iliyoanza kulima huko mwaka 1930. Ni tambarare, na siku ambayo Uru inanyeshewa manyunyu huko chini huwa pakavu. Sababu ni upepo wa kusi: unaleta hewa yenye unyevu kutoka baharini, hewa hiyo inasukumwa kupanda mlima, inapoa na kuwa wingu, na maji yanadondoka juu kwenye vihamba. Kwa hiyo mjini pakiwa na wingu zito asubuhi bila tone, hesabuni kwamba juu kuna manyunyu na mwende kusini. Mkivuka reli, ivukeni kwa kuikata moja kwa moja. Chuma kilicholowa, ukikipita kwa mshazari, kinalitelezesha tairi la mbele kabla hujajua. Wapenda kivuli wana msitu wa Rau, wenye mivule mikubwa na mbega juu yake, karibu kabisa na mji.

Sasa breki, na hapa naomba msomaji asiruke mstari.

Geuza baiskeli juu chini, zungusha gurudumu la mbele, uangalie kwa karibu pale raba ya breki inapokutana na rimu. Raba ikae kati ya milimita 1 na 2 kutoka kwenye rimu, kila upande, na breki ikifungwa iguse rimu tupu. Ikigusa tairi, hata kwa ukingo mdogo, siku moja ya kushuka inatosha kulichana. Raba mpya ina mifereji. Mifereji ikiisha, badilisha, usingoje isikike sauti ya chuma kwa chuma. Chomoa raba uikague kwa kidole: kwenye barabara zetu mchanga mweusi wa volkano hujichomeka ndani yake, na kuanzia hapo kila unapofunga breki unaipiga rimu msasa. Utoe mchanga huo kwa ncha ya kisu, kisha usugue uso wa raba kwenye saruji kavu hadi utoke mpya. Mkono wa breki ukivutwa mpaka mwisho usifike kwenye usukani. Ukifika, legeza nati inayoshika waya, vuta waya kidogo, kaza tena. Waya ukiwa na uzi hata mmoja uliokatika karibu na nati hiyo, weka mpya. Uzi mmoja ukikatika, zilizobaki zinabeba mzigo wake na hazichelewi kumfuata.

Rimu iliyolowa haishiki mara moja. Raba hulazimika kwanza kuifuta maji kwa mzunguko mmoja au miwili ya gurudumu, na kwa mwendo wa mteremko hizo ni mita kadhaa ambazo baiskeli inakwenda kama haina breki. Kwa hiyo unaposhuka kwenye manyunyu, gusa breki kidogo kila baada ya muda hata pale usipohitaji kusimama, ili rimu ibaki imefutwa. Rimu za alumini zinavumilia. Rimu za chuma zinazong'aa, kama za Phoenix zenye breki za fimbo, zikilowa zinateleza vibaya sana. Mwenye baiskeli hiyo ashuke asukume kwenye kila mteremko mkali uliolowa, hata kama ameipanda miaka 20.

Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi kwenye ardhi kavu. Kwenye udongo mwekundu uliolowa inalifunga gurudumu, na gurudumu la mbele likishateleza huna pa kujishikia. Hapo tumia zaidi ya nyuma, peleka makalio nyuma ya kiti, na maliza kupunguza mwendo kabla ya kona. Ndani ya kona acha breki zote mbili. Jihadhari na majani ya migomba yaliyoanguka, na zege la makalavati yaliyo kivulini, ambalo kipupwe hulivika utando wa kijani unaoteleza kama sabuni.

Mwachane mita 20 au zaidi mnaposhuka. Wa mbele apaze sauti: "Shimo!", "Ng'ombe!", "Gari!" Na msitegemee masikio peke yake, kwa kuwa bodaboda nyingi hushuka mlima zikiwa zimezimwa injini ili kuokoa petroli, hazisikiki mpaka ziwe ubavuni. Akina mama waliobeba majani ya ng'ombe kichwani nao hawawezi kugeuka kutazama nyuma. Piga kengele ukiwa mbali, mita 30 hivi, si ukiwa mgongoni pao, kisha pita taratibu na salamu. Kwa mzee, shikamoo kwanza. Salamu hizo zinawapunguzia mwendo, na mkipata shida mbele mtakuwa mmeshajulikana.

Mfongo, yaani mfereji wa maji, unaokatiza barabara uvukwe kwa kunyooka, makalio yakiwa yameinuliwa kutoka kwenye kiti. Na hapa nina ombi kwa wanaotengeneza madaraja ya mbao ya vijijini: mbao za juu zilazwe kukatiza daraja, zisilazwe kufuata urefu wake. Zikifuata urefu, nafasi ya sentimita 4 kati ya mbao mbili inalimeza tairi jembamba la baiskeli na mtu anarushwa juu ya usukani. Mbao ni zilezile, misumari ni ileile. Watoto wa shule wanavuka hapo na baiskeli kila siku, si wanaotembea tu.

Matairi. Kwa baiskeli ya inchi 26 yenye tairi la 1.95, jaza paundi 50 kwa lami na ushushe hadi 35 au 40 kwa udongo uliolowa, ili tairi litandike na kushika. Usishuke chini ya hapo, maana mawe ya Kibosho na Old Moshi yatalibana tyubu kati ya jiwe na rimu. Utaitambua pancha hiyo kwa matundu mawili yaliyokaa sambamba: tatizo ni upepo mdogo, usihangaike kutafuta mwiba. Tundu likiwa moja, mwiba bado uko kwenye tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi zima, pale kitakaponasa ndipo ulipo. Usitumie kidole. Upande wa Mabogini na Kahe miiba ya migunga ni ya kutosha, hivyo huko bebeni tyubu mbili.

Kuziba pancha kwenye unyevu ndiko kunakowashinda wengi. Solusheni haishiki kwenye tyubu yenye hata umande. Futa, kausha kwa kitambaa mpaka uhakikishe, piga msasa eneo pana kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, kisha subiri. Wakati wa joto dakika 5 zinatosha. Kipupwe zinahitajika 8 hadi 10, mpaka mng'ao uishe na ukigusa pembeni isinate kidoleni. Haraka ya hapo ndiyo inayofanya kiraka kibanduke kabla hamjafika barabarani. Mimi naona ni heri kubadilisha tyubu njiani na kuziba ile mbovu nyumbani jioni. Kwa wawili inatosha: tyubu mbili, pampu moja iliyojaribiwa kwenye valvu za baiskeli zote mbili, vibanio viwili vya kutolea tairi, spana ya 15 kwa nati za magurudumu, alen ki ya 5, kitambaa, na kijiti kigumu. Hicho kijiti ni cha kuchokoa tope linaloganda kati ya tairi na madigadi. Gurudumu likigoma kuzunguka usilisukume kwa nguvu, utapinda madigadi.

Cheni ipakwe mafuta ya cherehani, tone moja kwa kila kiungo, kisha ifutwe kwa nje. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Oili chafu ya gari hukusanya mchanga na kuigeuza cheni kuwa tupa. Pima kwa rula: inchi 12 kutoka katikati ya pini moja ziangukie katikati ya pini nyingine. Zikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni mpya. Ukiacha hadi zizidi 1/8, utanunua na meno pia.

Mavazi ni mafupi kuyaeleza. Ndani vaa jezi ya michezo, maana fulana ya pamba inashika jasho kama sponji. Koti libaki kwenye keria wakati wa kupanda, hata kama mwanzo unahisi baridi. Kifua kitapata joto baada ya dakika 10. Juu kabisa, kabla hamjakaa hata kuzungumza, livaeni mwili ungali na joto la kutunza. Mikononi soksi nene zinatosha asiyekuwa na glavu, na mikono ni jambo la usalama: vidole vilivyokufa ganzi havivuti breki. Kisha chukua kurasa nne za gazeti, zikunje mara mbili, uzipenyeze kifuani chini ya koti. Karatasi inazuia upepo na inanyonya unyevu, na mkifika chini mnaitoa. Zamani wengine walitumia mfuko wa plastiki, ambao umepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019 na ulikuwa ukimchemsha mtu kwa jasho lake. Gazeti ni bora kuliko huo mfuko kwa kila hali.

Kunywa nusu lita ya maji kwa saa, hata bila kiu, kwa sababu baridi inaficha kiu. Ndizi mbivu mbili kwa kila mtu na chupa ya chai ya tangawizi zinawafikisha juu na kuwarudisha. Mtori wa moto usubiri mkishafika chini: tumbo zito na mlima havipatani. Mkikaribishwa mbege, pombe yetu ya ndizi, njiani, shukuruni, ombeni iwe siku nyingine. Hiyo ni kwa sababu ya mteremko ulio mbele yenu.

Mhariri, gazeti lako hufika vijijini kote huku. Ingesaidia sana kama kila Ijumaa ya kipupwe mngechapa mistari michache tu: barabara ipi ya vijijini iko kwenye matengenezo, daraja lipi limeondolewa mbao. Viongozi wa vijiji wanayo taarifa hiyo, na mpanda baiskeli aliyefika bondeni akakuta daraja halipo analazimika kupanda upya mlima alioshuka, akiwa ameshalowa.

Baada ya safari, osheni baiskeli jioni ileile kwa ndoo moja na kitambaa, tope likiwa bado laini. Mpira wa maji wa kuoshea magari usielekezwe kwenye ekseli wala pale pedali zinapoingia kwenye fremu. Presha yake inasukuma grisi nje na kuingiza maji, gololi zinapata kutu kimyakimya, na kufika Septemba gurudumu linaanza kulia. Kausha cheni, tia mafuta, iache baiskeli kibarazani penye upepo usiku kucha.

Wako,
Mpanda baiskeli na msomaji wenu,
Moshi